Saa ya Kinshasa na Pinde za Kijani

Nianzie kwenye mkono wake wa kushoto, maana mambo yote yalitokea pale. Prof, ndivyo tunavyomwita mwalimu wa sekondari, alivaa saa yenye mkanda wa ngozi uliokatika na kushonwa kwa uzi wa nailoni, na saa ile haikuwahi hata siku moja kuonyesha saa ya hapa kwetu Butembo. Ilionyesha saa ya Kinshasa. Kinshasa iko nyuma yetu kwa lisaa limoja, na kila mtoto hapa anajua hivyo, juu redio ya kule ikitaja saa, mama anajibu palepale jikoni: "Ya kwao." Prof alitumwa kwetu na serikali akitokea kule, na miaka yote aliyokaa hakukubali kusogeza mshale. Ukimuuliza saa aliangalia mkono, akanyamaza kidogo, akaongeza moja kichwani, ndipo akajibu. Wengine waliona anachekesha. Mimi niliona ni dharau, na bado naona hivyo.

Ninaandika katika kaye hii, daftari yangu ya siku zote, nikijua ninachotaka. Sitaki kumsamehe. Nataka akae humu ndani bila jina, vile alivyonifanya mimi nikae bila jina miaka miwili.

Kwetu watoto wengi wanaitwa kufuatana na walivyozaliwa, wa kwanza, wa pili, wa tatu. Donc, kwa hiyo, darasa letu lilikuwa na Kavira saba. Walimu wa hapa hawasumbuki, wanatuita kwa jina la ubatizo au la babu. Prof alisumbuka siku ya kwanza tu. Aliita Kavira, tukasimama saba, akacheka mpaka akakohoa, halafu akatuhesabu kwa chaki kama mtu anayehesabu magunia: Kavira wa kwanza, Kavira wa pili. Mimi nilikaa karibu na dirisha, nikawa Kavira wa tano. Orodha yenye majina yetu matatu matatu ilikuwa mezani kwake kila siku, imeandikwa na sekretari kwa mkono mzuri. Hakuisoma hata mara moja.

Alikuwa mrefu, mkavu, koti moja la kahawia. Alifuta ubao kwa kiwiko, ndiyo maana mkono mmoja wa koti ulikuwa mweupe na mwingine kahawia. Alikunywa maji ya moto yenye tangawizi kutoka chupa ya chai, akisema baridi ya Butembo inataka kumuua na hajui aliikosea nini. Alituita "bana na ngai", watoto wangu kwa Lingala, na akikasirika aliacha Kiswahili chake kidogo na kupiga Kifaransa mpaka kengele. Alifundisha jeografia na fizikia. Mitihani yake ilikuwa migumu, mais, yaani lakini, hakumchapa mtu. Alikuwa na maneno yake mawili. La kwanza lilihusu umeme na kompyuta, ambazo hapa tunaziita mashini: "Courant ikikatika, mashini inalala. Karatasi hapana lala." La pili alilisema akimsimamisha mtu mbele ya darasa: "Mutu anafanya kazi ya kweli anaweza kuieleza."

La pili ndilo sijalimeza.

Nikitaka kuwa mkweli lazima niandike na hili. Masika, rafiki yangu tuliyekaa benchi moja, aliacha shule mwaka ule wa nne. Baba yake, mkulima wa Kalunguta, alisema mikono yake inahitajika shambani. Prof alienda Kalunguta. Hakutuma barua, alienda mwenyewe. Alikaa kwao siku mbili akivuna maharagwe na viatu vyake vya ngozi, akikosea kila mstari, mpaka baba Masika akachoka kumcheka na kusema sawa, mchukue. Masika akarudi, akakaa kwa bibi yake hapa mjini. Prof hakusema kitu darasani. Tulijua kwa sababu viatu vilibaki na udongo mwekundu juma zima.

Mtu huyohuyo. Siwezi kuwatenganisha, nimejaribu.

Na ni yeye aliyetuletea zile taa za angani. Kaskazini kabisa, karibu na ncha ya dunia, kuna watu wa chuo kikuu walioweka kamera juu ya vibanda kwenye theluji. Kila kamera ina jicho la duara linaloona anga zima mara moja, kwa hiyo picha zake ni kama sahani nyeusi. Katika sahani hiyo, mara nyingine, unapita mstari wa kijani kutoka ukingo mmoja mpaka mwingine. Huo ni upinde wa mwanga. Juu zaidi kuna satelaiti inayopita na kupiga picha ya kitu kilekile kutoka upande wa mbinguni, na huko upinde unaonekana kama kipande cha taji kubwa linalozunguka ncha. Picha ni nyingi mno, watu wa kule hawawezi kuziangalia zote. Kwa hiyo wanaomba msaada popote duniani: angalia picha ya chini, andika kama kuna upinde, mmoja au mingi, halafu tafuta picha ya satelaiti ya dakika ileile uone kama upinde ule unaonekana na huko juu. Chini na juu, jozi moja. Ndiyo kazi yote.

Prof alituelezea siku ya kwanza bila kitabu. Alisema jua linapumua, na pumzi yake inafika hapa ikiwa na chembe ndogo sana. Dunia ni sumaku, inazikamata na kuzisukuma kwenye ncha zake mbili, zinagonga hewa, hewa inawaka. "Sisi tuko katikati," alisema. "Équateur, ikweta ile, iko inapita hapa karibu. Hatutaiona na macho. Mimi sijaiona. Nitakufa sijaiona." Aliangalia picha kwenye mashini, macho yakalowa, na hakuyapangusa. Mvulana mmoja nyuma akanong'ona, "Prof analilia mustari." Hatukucheka.

Nilipenda kazi ile kuliko kitu chochote nilichowahi kupewa. Mimi ni mtu wa kunyamaza. Nikiulizwa jambo mbele ya watu koo linafunga, si mchezo, linafunga kama mlango. Lakini kuangalia naweza. Kila Alhamisi mchana kundi letu, wanafunzi ishirini, lilikaa kwenye mashini tatu za shule zinazotumia jua, tukabadilishana. Na watu wa kule waliahidi jambo moja: majina ya wote waliofanya kazi yataandikwa, majina kamili, katika ripoti yao itakayosomwa ulimwenguni. Masika alimwambia bibi yake. Mimi sikumwambia mtu, mais niliandika kwa wino majina yangu matatu kwenye ukurasa wa nyuma wa kaye ya kazi, nikayaangalia.

Shida ilikuwa saa. Picha za chini zilikuwa na saa ya dunia, ile moja wanayotumia wote ili wasichanganyikiwe, imechapwa palepale juu ya picha. Picha za satelaiti mashini ilizionyesha kwa saa ya mahali mashini ilipo. Lazima ubadilishe. Prof aliandika sheria ubaoni kwa herufi kubwa: TOA LISAA LIMOJA. Tukatoa. Na jozi hazikupatikana. Upinde mzuri chini, giza juu. Taji juu, mawingu chini. Katika kumi ulipata moja, na hiyo ya bahati. Prof hakushtuka. Alisema taa zile haziko watumwa wetu, zinakuja na kuondoka, andikeni munachoona.

Alhamisi moja niliona upinde uliojikunja mwishoni kama ndoano ya samaki. Hakuna mwingine kama ule. Juu, kwa saa ya Prof, hapakuwa na kitu. Lakini nilipokuwa ninapita picha nyingine nikauona, ndoano ileile, kutoka upande wa mbinguni, lisaa limoja kando. Nikajaribu picha ya pili, lisaa limoja kando. Ya tatu vilevile. Prof alikuwa amesimama nyuma ya Masika akimwonyesha kitu kwa kidole, na mkono wake wa kushoto ulikuwa mbele ya macho yangu. Nikaiona saa ya Kinshasa. Kinshasa unatoa lisaa limoja kupata saa ya dunia. Mashini zetu ziliwekwa saa ya Butembo na fundi wa Butembo. Hapa unatoa mawili.

Sikusema. Nilitaka kuhakikisha kwanza, nikatumia miezi miwili. Nilijaza kaye nzima, chini na juu, chini na juu, karibu zote zikilingana, na ukurasa wa mwisho, chini ya majina yangu, nikaandika kwa penseli: toa masaa mawili, hapana moja. Nilifikiri nikimpa kaye atasoma mwenyewe, nami sitahitaji kufungua mdomo. Huo ndio ulikuwa ujinga wangu.

Nilipompa, aliifungua mbele ya darasa zima. Akafunua ukurasa, akafunua mwingine.

"Hizi zinalingana," alisema. "Wenzako banapata moja kwa kumi. Wewe unapata zote. Ulifanya namna gani, Kavira wa tano?"

Kila kitu kilikuwa kichwani mwangu, kimepangwa. Koo likafunga.

"Kuja mbele. Eleza."

Nikaenda mbele. Niliangalia kiwiko chake cheupe. Nilisikia jenereta ya mtu barabarani, na mwenzangu mmoja akisema taratibu, "Sema basi, hata kidogo." Wengine wakaanza kucheka kwa pua.

"Mutu anafanya kazi ya kweli anaweza kuieleza," alisema Prof. "Huyu hapana eleza. Juu ya nini? Juu alitunga. Aliona ya chini, akachora ya juu. Hii si sayansi, ni mensonge, uongo. Kama tunatuma hii, batasema batoto ba Butembo ni baongo wote."

Hakufika ukurasa wa mwisho. Alifunga kaye, akaitia kwenye mkoba wake, akanitoa kwenye kundi, akaandika zero ya mwenendo. Na akaita mzazi.

Baba alishuka kutoka shambani kwetu Kipese kwenye gari la viazi, akaja shuleni na buti zenye tope na gunia dogo la viazi begani, juu haendi kwa mtu mikono mitupu. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Baba alivua kofia. Sijawahi kumwona baba akivua kofia mbele ya mtu asiye padri.

"Prof, mutoto wangu hapana mwongo," alisema. "Mais kama alikosa, unisamehe mimi. Pengine mimi sikumufundisha muzuri."

"Papa, ana akili," Prof alijibu. "Ni kusema kweli ndiyo inamupita. Mumusaidie."

"Wasingya, Prof," baba akasema. Asante. Alimwambia asante. Njiani hakuniuliza kitu. Prof alikula viazi vyetu. Nilijua alivikula kwa sababu juma lililofuata alimsifia Prefe, mkuu wa shule, viazi vya Kipese, akisema havina maji, akiwa amesimama hatua tatu kutoka kwangu.

Hapo ndipo nilipoanza kumchukia vizuri, kwa mpango.

Adhabu yake ilikuwa kunakili. Kazi ya kundi zima ilipaswa kuandikwa upya, safi, kwenye karatasi kubwa, halafu apige picha za karatasi na kuzituma, juu hakuamini mashini. Na ni nani mwenye mwandiko kama wa kuchapa? "Kavira wa tano ataandika," alisema. "Itamufundisha kunakili kitu cha kweli."

Mchana baada ya mchana nilikaa katika biro, ofisi ya walimu, na wino mweusi. Alikuwa mbele yangu akinywa tangawizi yake, akisahihisha mitihani, na saa yake ikilia tik tik kwenye meza. Ningeweza kusema. Tulikuwa wawili tu, na mbele ya mtu mmoja koo langu linafunguka kidogo. Siku moja hata aliniuliza, bila kuinua kichwa, "Unaonaje kazi ya wenzako?"

"Ni muzuri, Prof," nikajibu.

Nikaendelea kuandika. Kila saa mbaya niliiandika kwa uangalifu, na nambari zikasimama wima kama askari. Sikuharibu hata moja, sikuongeza kosa, hakukuwa na haja. Sikuwahi kuandika vizuri namna ile na sidhani nitaandika tena. Karatasi ya mwisho ilikuwa ya majina, majina kamili ya watu kumi na tisa. Niliandika la Masika. Nilisimama kidogo pale, kalamu juu. Halafu nikaandika linalofuata.

Akatuma. Kuanzia hapo hakunyamaza. Alisema kanisani, alisema kwa wazazi, alisema kwa kapteni mmoja wa Kinshasa aliyekuja kunywa naye bia, kwamba shule yetu itaandikwa ulimwenguni. Nilimsikiliza akisema hivyo na moyo wangu ulikuwa mtamu. Naandika neno hilo kwa sababu ndilo lenyewe.

Jibu lilifika kwa anwani ya shule siku mbili kabla ya proclamation, ile siku ya mwisho wa mwaka ambapo matokeo yanasomwa uwanjani mbele ya wazazi wote. Prefe, mtu wa haraka, alilichapisha mjini akasoma mstari wa kwanza tu, wa kushukuru. Prof alimwomba asilifungue tena, alisome uwanjani, mbele ya watu. Alivaa tai. Alisimama pembeni ya meza, mikono nyuma.

Prefe akasoma. Wanatushukuru kwa juhudi kubwa na mwandiko mzuri. Makofi. Wanasikitika kwamba saa zote za satelaiti zimekosewa kwa lisaa limoja, kutoka jozi ya kwanza mpaka ya mwisho. Sauti ya Prefe ikapungua, lakini mtu akisoma mbele ya watu mia hana mahali pa kusimama. Hawawezi kutumia jozi hizo wala kuandika majina.

Wazazi wakaangaliana. Kisha mzazi mmoja, mama wa soko, akasema kwa sauti ya kawaida tu, "Lisaa limoja? Ni ile ya Kinshasa." Na uwanja mzima ukacheka. Walicheka wazee, wakacheka watoto wa mwaka wa kwanza. Prof aliangalia mkono wake wa kushoto. Niliona uso wake ukielewa. Nilikuwa nimesimama mstari wa pili, nikauona vizuri, kidogo kidogo, kama mtu anayeangalia chungu kinavyochemka. Nilitaka ichukue muda mrefu zaidi.

Kisha Masika, aliyekuwa pembeni yangu, akanishika mkono. Bibi yake alikuwa mbele kabisa na kitenge kipya.

"Tulikosa wapi, Kavira?" aliniuliza. "Nilitoa lisaa limoja kila mara. Kila mara."

"Sijui," nikasema.

Mpaka leo sijamwambia. Hii nayo iko katika hesabu, na si ya Prof.

Kabla ya mwaka mpya kuanza alihamishwa Beni. Sikumwona miaka miwili. Nilimaliza mwaka wa sita, na likizo hii nikaenda Beni kumsaidia mama mkubwa, dada ya mama yangu, anayeuza samaki sokoni, wale wa kukaushwa wanaotoka Kyavinyonge, ziwani. Kazi ni kuwageuza juani, kufukuza nzi na kujibu wateja. Kujibu ndiko kunanishinda, kwa hiyo ninageuza.

Jumatano iliyopita kivuli cha mtu kilisimama juu ya samaki. Niliona kwanza mkono wa koti, mweupe kwenye kiwiko.

"Kavira wa tano," alisema.

Alikuwa amezeeka kuliko miaka miwili. Mkononi alikuwa na mkoba uleule, na kwenye mkoba, kabla hata hajautoa, nilijua kuna kaye yangu.

"Nilikutafuta Butembo," alisema. "Banasema uko huku." Akaitoa, akaifungua ukurasa wa mwisho, penseli ilikuwa bado inasomeka. "Hii sikuiona. Niliitupa ndani ya sanduku na hasira, nikahama nayo. Mwaka huu nikaifungua. Nikaangalia picha moja, ile ya ndoano. Nikaangalia zote. Iko sawa, yote. Nikapiga picha, nikabatumia bale batu ba kule."

Nikageuza samaki mmoja.

"Balijibu juma lililopita. Banaikubali. Banataka kuandika jina. Jina kamili." Alijikuna shingo. "Hapa umeandika, mais maji yaliingia sandukuni, wino wa majina umefutika, imebaki Kavira. Nikabaambia ni Kavira. Banauliza: Kavira nani?"

Mama mkubwa alikuwa ameacha kupanga samaki. Wanawake wa meza za jirani nao wakageuka.

Nilikuwa nimeota siku ile mara nyingi sana, na katika ndoto zangu nilimtupia kaye usoni. Sasa nilitaka jina langu huko, nililitaka mpaka vidole vikauma, na anayelipeleka ni yeye. Koo lilianza kufunga. Nikamwangalia kiwiko, nikasema haraka kabla halijafunga kabisa.

"Eleza kwanza, Prof."

"Nini?"

"Eleza hapa. Kaye hii ni ya kweli juu ya nini. Mutu anafanya kazi ya kweli anaweza kuieleza."

Aliangalia kushoto, akaangalia kulia. Wanawake kumi, labda kumi na wawili, na askari mmoja anayenunua chumvi. Nilifikiri ataondoka. Aliweka mkoba chini.

"Kuna taa," alianza, kwa Kiswahili chake kidogo. "Iko mbali sana, kwa ncha ya dunia. Unaiona chini, na satelite inaiona juu."

"Taa ya nini?" mwanamke mmoja akauliza.

"Ya hewa. Hewa inawaka."

"Hewa inawaka, na nyumba haziungui?"

Wakacheka. Akatoa jasho, akaanza tena, akachanganya Lingala, akachora upinde kwa kidole kwenye vumbi la meza yetu, karibu na samaki. Nilimwacha. Nilimwacha achanganyikiwe vile walivyoniacha mimi. Mwishowe akasimama wima.

"Mimi niliambia batoto batoe lisaa limoja, juu mimi niliishi na saa ya Kinshasa," alisema. "Huyu alitoa mawili. Nikamwita mwongo mbele ya batu. Nikaita na baba yake shuleni. Haikuwa yeye mwongo."

Hakuna aliyecheka. Mama mkubwa aliniangalia mimi, si yeye.

"Na saa?" nikauliza.

Alinyoosha mkono wa kushoto. "Juzi fundi alisogeza mshale. Sasa ni saa yenu." Kweli, mshale ulikuwa mahali pake. Alinipa kalamu na karatasi. Kisha akaitupia saa macho, akanyamaza kidogo, vile alivyofanya siku zote, na nikaona midomo yake ikisogea. Alikuwa anaongeza moja.

"Mungu wangu," alisema. "Konvoi ya Kasindi inatoka saa nane na nusu. Imebaki dakika kumi. Andika haraka, mwana na ngai, askari habangoji mutu."

Kwenye simu ya mama mkubwa, mezani mbele yangu, ilikuwa saa saba na dakika ishirini.

Niliweka karatasi juu ya goti. Niliandika jina la kuzaliwa, herufi moja, nyingine, kwa mwandiko ule wa karatasi kubwa. Nikainua kalamu, nikaangalia kama wino umekauka. Niliandika jina la babu. Alikuwa anaruka mguu mmoja hadi mwingine na mkoba kifuani. Nikaandika jina la ubatizo, na chini yake mstari, nao nikaunyoosha. Aliikunja karatasi, akaitia kwenye mfuko wa ndani, akasema asante mara mbili, akakimbia. Anakimbia vibaya. Koti lilikuwa linampiga mapajani, jua limesimama juu ya kichwa, na kutoka soko mpaka wanapopangia magari yanayosindikizwa na askari kwenda Kasindi ni kupanda tu.

Mama mkubwa alimfuata kwa macho mpaka kona.

"Ule baba anakimbilia nini?" akauliza. "Konvoi iko bado lisaa limoja."

"Najua," nikasema, nikaanza kugeuza samaki upande wa pili.